Injini ya Dizeli Katika Miezi ya Eda

Baba alipompa mama talaka, aliondoka na injini ya gari. Bodi aliiacha pale pale ilipokuwa, chini ya dirisha letu, matairi yote manne yamejaa upepo na boneti imefungwa vizuri, kana kwamba hakuna kilichoguswa.

Majuzi nilikuwa Kizingo, kwenye nyumba ya mke wake wa pili, tumekaa mikekani siku ya tatu baada ya kumzika baba. Umeme ukakatika. Nyuma ya nyumba mtu akawasha jenereta, na moshi wa dizeli ukaingia dirishani ukachanganyika na udi na pilau. Wanawake waliokuwa karibu nami wakaziba pua kwa ncha za leso. Mimi niliivuta harufu ile mpaka mwisho wa pumzi. Utoto wangu, ule wa kabla ya kuanza kuelewa mambo, unanuka hivyo.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la mlango wa nyuma unaofunguka juu, rangi ya chai ya maziwa, kongwe kuliko mimi. Babu mzaa mama alimwachia mama kabla hajafa. Baba alikuwa na duka la vipuri vya magari, na injini ya kwanza ilipochoka alileta nyingine kutoka dukani kwake akaitia. Kwa hiyo wazee wa pande mbili walipokaa sebuleni kwetu kuamua nani achukue nini, baba alisema gari ni la mama, hilo hana ubishi, lakini injini ni mali yake. Wazee wakatazamana. Mmoja akasema kisheria ana haki. Mama alikuwa nyuma ya pazia la chumba cha ndani, na sauti yake ikatoka bila kutetemeka.

"Mpeni injini yake. Na ule msumari aliokuwa akitundikia kanzu, mwambieni aje aung'oe."

Wakaja mafundi wawili, wakaining'iniza injini kwa mnyororo, wakaondoka nayo juu ya mkokoteni. Mama alisimama dirishani akawatazama mpaka walipokata kona.

Lazima nieleze jambo moja hapa. Mama alikuwa katika eda. Mwanamke aliyepewa talaka moja hukaa ndani miezi kadhaa akingoja eda yake itimie. Kabla haijatimia, mume anaweza kumrejea kwa neno tu, bila ya kumwuliza. Ikishatimia, neno lake halina nguvu tena. Baba, ambaye kwa miaka yote alikuwa akikaa kwetu, katika nyumba ya bibi yangu mzaa mama huko Mji wa Kale, alikuwa amehamia Kizingo kwa mke mpya. Lakini hakukusudia kumwacha mama. Alitaka kumfundisha adabu kwa ule ugomvi aliouzusha juu ya mke mpya, kisha amrejee. Alimtumia ujumbe kwa bibi, na bibi, ambaye hakuwahi kuficha habari hata mbaya, akaufikisha kama alivyoupokea.

"Asema ukae utulie. Atakurejea kabla eda haijaisha. Asema kwenda popote huwezi, gari halina injini."

Mama alikuwa akishona buibui la mtu. Hakuinua macho. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno, akaniambia, "Kamwite mjombako."

Mjomba Badi alikuwa ndugu yake mdogo, fundi wa malori kule Shimanzi, mtu mwenye kitambi na maneno mengi. Alipofika hakupanda juu. Alisimama chini kando ya gari, akafungua boneti, akatazama lile shimo. Mama alizungumza naye kutoka dirishani.

"Badi, lile basi dogo lililoungua viti, injini yake iko?"

"Iko. Lakini ile ni ya dizeli, dadangu, tena ina tabo. Hili gari lako ni kikombe cha kahawa. Ile ni sufuria ya harusi."

"Itaingia?"

"Kila kitu huingia ukikata vya kutosha."

"Basi kata."

Mjomba akacheka, kisha akaona mama hacheki. "Wacha nikutafutie ndogo ya petroli kama ile ya kwanza. Utaendesha vizuri, utapumzika."

"Sitaki kupumzika. Nataka injini yenye sauti. Nataka akiwa ndani ya duka lake, anamchagulia mtu bolti, asikie nikipita barabarani na ajue ni mimi."

Injini ililetwa na mahamali wa soko la Marikiti, kwa sababu hakuna lori linaloweza kuingia mtaani kwetu. Walikuja wakiita "simile, simile" kama waliobeba magunia ya vitunguu, na watu wakabanana kwenye kuta kuwapisha. Ilikuwa nyeusi kwa moshi wa ule moto, imefungwa kwa magunia, kubwa kuliko nilivyodhani kitu kinaweza kuwa kikubwa na bado kiitwe injini. Mjomba alisimamisha boriti tatu, akazifunga vichwa, akaining'iniza katikati. Ikabaki hapo hewani siku nzima, na paka wakawa wanaikwepa.

Mimi nilikuwa mjumbe. Mama alikuwa na kikapu chenye kamba ndefu, kile cha kununulia mkate kutoka dirishani, na sasa kikawa kinashuka na chai ya mjomba na kupanda na bolti zilizovunjika, ili mama azione kwa macho yake. Aliteremsha hata futi yake ya kushonea. Mjomba akapima urefu na upana wa lile shimo, akapima injini, akaniambia nikamwambie mama kuwa vipimo havikubaliani kwa upana wa kiganja. Nikapanda ngazi mbio. Mama akasema, "Mwambie nguo ikibana hupunguzi mtu. Unapanua nguo."

Basi wakapanua. Walikata chuma cha ndani upande wa kushoto, wakachomelea vishikizo vipya vya kukalia injini. Giaboksi ikaja ile ya basi, kwa sababu ya zamani isingestahimili hata kilima kimoja. Mihimili inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ikakatwa na kuungwa upya. Walipoiteremsha mara ya kwanza, pua ya gari ikazama mpaka karibu iguse mawe, na mjomba akasema limekuwa kama mtu anayesujudu. Zikatafutwa springi ngumu. Feni ikawa inagonga redieta, redieta ikasogezwa mbele, boneti ikakataa kufunga, boneti ikapigwa nyundo mpaka ikatoka nundu. Tangi likaoshwa mara kwa mara ili lisibaki na tone la petroli. Kila jioni mjomba alipokwenda kunawa, nilinusa mikono yangu kabla ya kuitia maji.

Na mimi nilikuwa na sababu yangu ya kupenda kazi ile. Nilikuwa nimemsikia bibi akimwambia shoga yake, "Eda haijaisha. Bado yuwaweza kumrejea." Sikujua eda ni nini. Nilichojua ni kwamba kuna kitu kinachoendelea nyumbani kwetu ambacho hakijaisha, na kikiisha mambo yatakuwa mengine, na kitu pekee nilichokiona kinaendelea kilikuwa gari. Nikaunganisha hayo mawili. Baba aliondoka na injini. Tukitia injini, atarudi. Mjomba naye alinizidishia imani bila kujua. Siku moja nilimwuliza tabo ni nini, akanionyesha kile kitu kilichokunjamana kama konokono kando ya injini, akasema moshi unaofukuzwa nje ndio unaokizungusha, na huko kuzunguka kwake ndiko kunakoisukumia injini pumzi. Nikaona ni sawa kabisa. Kilichofukuzwa ndicho kinachosukuma. Nikawa nasoma Alhamdu juu ya kila bolti niliyompa.

Siku injini ilipowaka, mtaa mzima ulijua. Kwanza ilikohoa, ikatikisa gari kama mtu anayetafuta kitu mfukoni, kisha ikanguruma, na moshi mweusi ukapanda kwenye kuta zote mbili mpaka kwenye nguo zilizoanikwa. Mzee Akber, Muhindi mwenye duka la nyuzi na vifungo mlangoni mkabala na kwetu, alitoka akipunga mkono mbele ya uso.

"Badi bhai, mimi nauza nyuzi nyeupe. Leo zote nyeusi."

"Utawauzia wenye misiba, mzee," mjomba akamjibu.

Nilitazama juu. Mama alikuwa amefumba macho dirishani, anasikiliza. Nilidhani anaomba dua kama mimi.

Ujumbe wa pili wa baba ulikuja wiki hiyo hiyo. Ijumaa, baada ya Alasiri, angekuja na mashahidi wawili kumrejea mkewe. Bibi akaufikisha. Mama akauliza kitu kimoja tu, kama breki zimeshafungwa.

Ijumaa ile, adhana ya Adhuhuri ilipokuwa imekwisha kitambo, alishuka ngazi amevaa buibui na viatu vya kutokea. Tangu talaka sikuwa nimemwona na viatu vile. Bibi alikuwa amekaa ukumbini anachambua mchele.

"Wenda wapi na eda yako?"

"Eda imeisha."

"Lini?"

"Leo asubuhi."

Bibi alimtazama. Mkono wake ulibaki juu ya sinia, haukuchambua. Kisha akasema, "Haya," akarudi kwenye mchele wake.

Mimi nilikaa kiti cha nyuma, mjomba mbele kushoto, mama usukani. Alikuwa dereva mzuri siku zote, lakini siku ile alikanyaga moto kama aliye na deni na barabara. Kwenye vichochoro injini ilitoa sauti iliyogonga kuta na kurudi masikioni mwetu mara mbili, na tulipotokea barabara kubwa, ile tabo ikaanza kupiga mluzi mwembamba juu ya ngurumo, na gari likaruka mbele hata kichwa changu kikagonga kiti. Mjomba akasema, "Polepole, dadangu, springi za nyuma bado zile za babetu." Tulikwenda moja kwa moja mpaka barabara ya duka la baba.

Duka lilikuwa limefungwa. Ijumaa. Milango ya bati imeshushwa, kufuli mbili, na paka amelala kivulini. Mama alipita, akageuza, akapita tena. Mara ya tatu alisimamisha gari mbele ya mlango, akakanyaga moto mpaka paka akakimbia. Hakuna aliyetoka. Nilimwona usoni kwenye kioo, na uso ule sikuupenda. Kazi yote ile, miezi yote ile ya kuketi ndani, na sauti imeangukia mlango wa bati.

"Turudi," akasema.

Tulimkuta baba karibu na Ngome, pale barabara inapoingia Mji wa Kale. Gari lake jipya, kubwa, jeupe, limesimama kando na boneti iko wazi. Alikuwa amevaa kanzu na kofia ya kazi nzuri, ameshika mkanda wa injini uliokatika, na mashahidi wake wawili, wazee wa heshima, wamejibana kwenye kivuli chembamba cha ukuta wakijipepea kwa makofia. Mama alipunguza mwendo, akasimama ubavuni mwao. Alitazama mbele, kwenye kioo.

"Masalkheri, shemeji," mjomba akasema dirishani.

"Badi."

"Mwulize kama ataka kuvutwa," mama akasema.

"Shemeji, mwenye gari auliza kama wataka kuvutwa."

Baba alikuwa analitazama gari lile, ile nundu ya boneti. Akaja akaweka kiganja juu yake. Injini ilikuwa inanguruma chini kwa chini, na niliona mkono wake unatikisika nayo.

"Umetia nini humu?"

Mama akakanyaga moto kidogo.

"Mimi nilikuwa nakuja kwenu," akamwambia mjomba.

"Basi njia ni moja," mjomba akasema, akashuka kutafuta kamba.

Ilikuwa kamba nene ya katani, ya kufungia mizigo ya malori. Wale wazee wawili wakaingia kwenye gari lililokufa, kwa sababu jua lilikuwa kali na nyumbani kwetu si karibu kwa mguu wa mzee. Baba akashika usukani wa gari lake. Mama akaweka gia ya kwanza, kamba ikanyooka, na lile gari dogo la rangi ya chai likaanza kuivuta ile nyumba nyeupe kupita barabara ya Ndia Kuu kana kwamba halikufungwa kitu. Mjomba alitabasamu peke yake. Watu walikuwa wanatoka kusali Alasiri. Wote walilijua gari, wote walijua habari ya injini, kwa maana Mji wa Kale hauna habari ya mtu mmoja. Wakasimama mabarazani.

"Huyo ni bwana harusi au ni mzigo?" mmoja akauliza.

"Mzigo hulipiwa," mwenzake akamjibu. "Huyu aletwa bure."

Mimi nilikuwa nimepiga magoti kitini, nimegeukia nyuma. Kati yangu na baba kulikuwa na vioo viwili na kamba. Aliniona, akainua mkono, akatabasamu kidogo, na moyo wangu ukajaa. Imekuwa kama nilivyojua. Kazi ya gari imekwisha, na mama amekwenda kumleta.

Tulipofika niliruka kabla gari halijasimama vizuri, nikapanda ngazi. "Bibi, baba amekuja. Mama amemleta." Nikatoa sahani yake, ile ya bluu yenye ufa, na kikombe chake, nikaviweka mkekani mahali pake. Bibi akaniwekea mkono kichwani. "Kaa hapa," akasema, lakini nilikwenda dirishani.

Mengine niliyoyakosa nilikuja kumwuliza Mzee Akber nilipokuwa mkubwa, na aliyoniambia yaliafikiana na niliyoyaona. Baba alishuka, akakunja mikono ya kanzu iliyokuwa na grisi, akawaita mashahidi wake wasogee. Akasema kwa sauti ya kusikika, kwa kuwa watu walikuwa wengi na hakuwa na budi tena ila kuifanya aibu iwe shughuli.

"Mbele yenu nyote, nimemrejea mke wangu."

Mama alikuwa ameshika kitasa cha mlango wetu. Akageuka.

"Umechelewa. Eda yangu imeisha."

"Lini?"

"Leo asubuhi."

Baba aliwatazama mashahidi. Yule mkubwa akatikisa kichwa. "Hapo sisi hatuna la kusema. Eda ni kauli yake mwenyewe."

"Waapa?" baba akamwuliza mama.

"Nikuapie kwa nini? Kwa injini uliyoichukua?"

Kicheko kilichopanda mtaani siku ile nakisikia mpaka leo. Hata wale wazee walijifuta midomo kwa viganja. Mama akasema, "Badi, fungua kamba," akaingia ndani, akafunga mlango, na nikasikia komeo. Baba alisimama pale, mbele ya gari lililokufa na gari lililo hai, mpaka watu wakachoka kumtazama. Akaondoka kwa miguu. Gari lake lililala chini ya dirisha letu mpaka kesho yake, na watoto wakaandika majina yao kwenye vumbi la vioo. Sahani ya bluu niliirudisha mwenyewe kabatini. Hakuna aliyeniagiza.

Kwa miaka mingi nililiona jambo lile kuwa tamu. Mama alilisimulia kila Idi, na kila mwaka baba alizidi kuwa mdogo ndani ya hadithi na injini ikazidi kuwa kubwa. Nilipoanza kumchukia baba kwa akili yangu mwenyewe, kwa ada alizochelewesha na ndugu zangu wa Kizingo waliokuwa wakipelekwa shule kwa gari, nilikirudia kicheko kile kama mtu anavyolamba kijiko. Posa zilikuja kwa mama, za watu wazuri. Zote alizikataa, na sisi tukasema ni kwa sababu ameshaonja uhuru.

Lakini nimekuwa mwanamke, na nimesoma yanayotuhusu. Mwanamke aliye katika umri wa mama wakati ule huhesabu eda yake kwa siku zake za mwezi, na kwa mafundisho tunayoyafuata pwani, inatimia zile za mara ya tatu zinapoingia. Ndiyo maana kauli ni yake, mwingine atajuaje. Ikiwa eda iliisha asubuhi ya Ijumaa ile, basi siku hiyo mama alikuwa katika siku zake, na mwanamke aliye katika siku zake hasali. Na mimi nakumbuka kwamba jioni ile, baada ya adhana ya Magharibi, niliingia chumbani kumwuliza kwa nini baba hakupanda, nikamkuta juu ya mswala, amesujudu, na sijida ile ilikuwa ndefu mpaka nikachoka kungoja nikatoka. Labda nachanganya Ijumaa mbili. Labda alikuwa akificha hali yake kwa watoto, kama wafanyavyo wengi. Bibi, ambaye angejua, alikufa bila ya kuongeza neno juu ya ile "haya" yake.

Kama haikuwa imeisha, basi neno alilolisema baba mbele ya mashahidi lilikuwa na nguvu, na kwa miaka yote hiyo mama alikuwa mke wake.

Mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hajitii manukato. Mwanamke aliyeachwa zamani hana eda ya kifo cha mtalaka wake. Mama hakwenda hata matangani, na hakuna aliyemtarajia. Lakini tangu siku tuliyomzika baba hajatoka nje ya mlango. Ijumaa nilimletea asumini na udi kama kawaida, akavipokea, akanishukuru, na nilipokuwa naondoka akanipa vyote viwili nimpelekee mke wa Mzee Akber. Nilimwuliza kama anaumwa. Akasema ni magoti.